Stelingi Hafi: Filamu za Kauboi na Mipaka Yetu ya Migori na Homa Bay



Sisi tuliokulia Mombasa zama za Regal, Naaz na Majestic tulikuwa na kanuni moja ya sinema ambayo hakuna mwalimu aliyetufundisha: stelingi hafi. Risasi zitamkosa, farasi wake akianguka atapata mwingine, na akifungwa kamba lazima atatokea mtoto au mwanamke wa kumfungua. Waliokaa viti vya mbele waliijua kanuni hii kuliko waliolipia viti vya juu, na wao ndio waliokuwa wakimpigia makelele stelingi ageuke amwone adui aliyejificha nyuma ya pipa. Filamu hizo tuliziita za kauboi. Baadhi zilitoka Hollywood, nyingine zilitengenezwa na Wataliano, nasi hatukuijua tofauti. Django wa mwaka 1966, aliyekuwa akiburuta jeneza matopeni, ni kazi ya Mtaliano Sergio Corbucci, lakini kwetu alikuwa Mmarekani sawa na John Wayne.

Katika safari za da'awa sehemu za Nyanza kusini, aghalabu Kendu Bay na mji wa Homa Bay, kisha kushuka hadi Migori na mpakani Isebania, nimeikuta kanuni ile ile ingali hai. Majumba ya sinema hakuna tena, bali pana vibanda vya video vyenye mabenchi na pazia jeusi mlangoni, na pana simu mkononi mwa kila kijana. Filamu husimuliwa kwa Kiswahili na watu kama DJ Afro, ambaye sauti yake vijana wa Kenya wanaijua kuliko ya khatibu wao wa Ijumaa, kama Watanzania walivyomjua marehemu Lufufu na Waganda wanavyomjua VJ Jingo. Msimulizi humpa adui jina la mtaani, humpa stelingi mzaha wa kienyeji, na kisa cha Texas kikawa kana kwamba kimetokea Rongo au Awendo.

Baada ya darsa moja ya Alasiri, wazazi waliniuliza: filamu hizi za bunduki na farasi, ambazo wazee wao walizipenda na sasa wajukuu wanazirudia, zinawafunza nini watoto? Hawakuuliza kuhusu halali na haramu ya picha, khitilafu ambayo maulamaa wameijadili na sitaifungua hapa. Waliuliza kuhusu tabia. Na walikuwa na sababu. Katika miji ile ya barabarani, mtu akipigiwa kelele ya mwizi, umati hukusanyika kabla ya polisi, na mara nyingi wanaotangulia kuokota mawe ni vijana wa umri wa kupenda stelingi. Niliwajibu kwa ufupi pale msikitini. Hapa nitaeleza kwa urefu kidogo, kwani naamini suala hili latuhusu hata sisi wa Pwani.

Kwanza tumjue huyu kauboi ni nani. Filamu iitwayo The Great Train Robbery, mojawapo ya filamu za mwanzo kabisa za aina hii, ilitoka mwaka 1903, na ilipigwa picha New Jersey, mashariki ya Marekani, mbali kabisa na nchi ya makauboi. Hata hivyo, miaka ishirini kabla ya hapo mtu mmoja, William Cody, maarufu kwa jina la Buffalo Bill, alikwisha kuyageuza maisha ya mpakani kuwa tamasha la kiingilio. Tamasha lake lilianza 1883, likavuka bahari hadi Uingereza 1887, na mwaka 1885 alimchukua Sitting Bull, kiongozi mkubwa wa Walakota, azungushwe uwanjani mbele ya watu waliolipa tikiti. Kwa hiyo hadithi ya mpakani iliuzwa wakati mpaka wenyewe haujafungwa. Jina la Buffalo Bill lilifika hata Kongo: katika miaka ya 1950 vijana wa Kinshasa, ulipokuwa ukiitwa Léopoldville, waliunda makundi yaliyojiita Bills, wakavaa kofia na leso za shingoni, wakabuni na lugha yao.

Kauboi wa kweli alikuwa kibarua. Enzi yake kubwa, ya kuswaga makundi ya ng'ombe kutoka Texas kwenda kwenye vituo vya reli vya Kansas, ilidumu takriban miaka 20 tu baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha 1865. Ujira ulikuwa kama dola 30 hadi 40 kwa mwezi. Siku nzima juu ya tandiko, vumbi, mvua, na ng'ombe wanaoshtuka usiku kwa radi. Mchungaji yeyote wa Kuria au wa Trans Mara angemfahamu mtu huyu kwa kumtazama miguu yake tu. Seng'enge, iliyopata hati ya uvumbuzi mwaka 1874, ikazungushwa kwenye malisho, reli zikasogea, na kazi ile ikaisha.

Tena hakuwa Mzungu peke yake kama filamu zilivyotuonyesha. Wanahistoria wanakadiria kwamba katika kila makauboi wanne, mmoja alikuwa mtu mweusi, na wengi wengine walikuwa Wameksiko. Bass Reeves, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1838, alikuwa askari wa serikali kuu katika eneo la wenyeji asilia kwa zaidi ya miaka 30, akiwakamata wahalifu kwa maelfu. Hollywood ya zama za John Wayne haikumpa kofia wala farasi.

Na hapa naomba msomaji aniruhusu nitoke njiani kidogo, kwa kuwa jambo hili huwafurahisha sana wanafunzi wa madrasa. Ufundi wa kauboi, kamba yake, tandiko lake na namna ya kumwongoza farasi, ulitoka kwa wachungaji wa Meksiko, nao waliurithi kwa Wahispania. Wahispania nao walikuwa na mtindo wa kupanda farasi kwa hatamu nyepesi na vikuku vifupi, waliojifunza kwa wapanda farasi wa Kiberberi kutoka Maghrib. Hata neno lao la mpanda farasi, jinete, asili yake ni jina la kabila la Zanata. Zaidi ya hayo, mwaka 1856 jeshi la Marekani lilileta ngamia zaidi ya 30 kupitia bandari ya Indianola, Texas, kwa ajili ya kuchukua mizigo jangwani, na pamoja na mradi ule wakaja wachungaji wa ngamia kutoka dola ya Kiothmani. Mmoja wao alikuwa Hajj Ali. Wamarekani, kwa ulimi wao, wakamwita Hi Jolly. Alishiriki safari ya kupasua njia kuelekea California, akabaki huko, na alikufa 1902. Kaburi lake lipo Quartzsite, Arizona, limejengewa piramidi ya mawe yenye sanamu ya ngamia juu yake. Basi mpakani mwa Marekani alikuwapo mtu aliyeitwa al-Haji, na katika mamia ya filamu za kauboi tulizotazama hatukumwona.

Turudi kwenye tabia. Mwaka 1893 mwanahistoria Frederick Jackson Turner alisimama mjini Chicago akadai kwamba kilichomfanya Mmarekani awe Mmarekani ni mpaka ule uliokuwa ukisogea magharibi: ndio uliomfunza kujitegemea, kutopenda kutawaliwa, na kuamini kwamba mbele kuna ardhi nyingine. Filamu zililichukua wazo hili zikalivisha kofia. Stelingi wa kauboi hana baba wala mama tunaowajua. Hana jirani. Maneno yake machache, ahadi yake haivunjiki, haanzi ugomvi, wala haachi ugomvi ulioanzwa na mwingine. Kazi ikimalizika hupanda farasi akaondoka. Mwaka 1953 filamu Shane iliichora sura hii kwa ukamilifu kuliko zote: mgeni anawatetea wakulima dhidi ya tajiri wa ng'ombe, mtoto mdogo wa nyumba ile anampenda, na mwishoni mgeni anaondoka huku mtoto akimwita.

Nitasema wazi kwamba mengi katika sura hii ni mema. Waarabu waliita muruwa, na neno hilo tumelichukua kama lilivyo katika Kiswahili chetu: ungwana wa nafsi, kutimiza ahadi, kumlinda dhaifu, kuficha ushujaa mpaka uhitajike. Mzee wa Kijaluo aliyekuwa amekaa karibu nami alipousikia ufafanuzi huu alisema kwamba ndivyo walivyolelewa wao pia. Mzazi anayemwona mwanawe akivutiwa na mtu anayesema kidogo na kutenda alichosema asikimbilie kumkemea.

Taabu imo katika kitu kingine, nacho ni upweke. Chukueni filamu iitwayo High Noon ya mwaka 1952, iliyoongozwa na Fred Zinnemann, ambayo wengi huihesabu miongoni mwa bora za aina yake. Will Kane, ambaye mchezaji wake ni Gary Cooper, ni mkuu wa polisi katika mji mdogo. Siku ya harusi yake anavua nyota ya kazi. Mara inakuja habari kwamba muuaji Frank Miller, aliyefungwa kwa juhudi ya Kane, ameachiwa na atafika kwa treni ya saa sita mchana, na wenzake watatu wanamngoja stesheni. Filamu yenyewe ni ya dakika 85, na saa za ukutani humo zinakwenda karibu sawa na saa ya mtazamaji. Kane anaivaa nyota tena, anazunguka kutafuta watu wa kusimama naye. Anakwenda kwa hakimu, naye anafunga mizigo. Anakwenda kwenye ulevi, wanamcheka. Anaingia kanisani ibada inaendelea. Watu wanajadiliana, wanamsifu, kisha hakuna anayetoka. Mkewe ni wa madhehebu yasiyokubali vita kabisa, naye amekata tiketi ya kuondoka. Mwisho yeye ndiye anayerudi kumsaidia. Wauaji wanakufa wote wanne. Watu wanatoka majumbani, naye Kane anaitupa nyota yake mavumbini bila ya neno, anapanda gari na mkewe.

John Wayne hakuipenda filamu hii. Mwaka 1959 yeye na Howard Hawks walitengeneza Rio Bravo kama jibu, kwa hoja kwamba mkuu wa polisi wa kweli haendi kuomba omba raia. Mimi nimezitazama zote mbili, na naona ugomvi wao ni wa ndugu wa nyumba moja. Wote wamekubaliana kwamba jamii ni dhaifu na haki iko katika mkono wa mtu mmoja au watu wachache hodari. Kane analalamika kwa hilo, Wayne anajivunia.

Sasa tuitazame hadithi hii kutoka Kehancha, makao ya Wakuria wa Migori. Pale ni mpakani kwa maana kamili ya neno: Tanzania iko upande mmoja, Trans Mara upande mwingine, na ng'ombe hujua njia zote. Wizi wa mifugo ulikuwapo zamani kwa mikuki na mishale, ukiwa na kanuni zake. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bunduki ziliongezeka upande wa Tanzania, na wizi ukageuka biashara ya kuua. Ng'ombe aliyeibwa jioni alikuwa keshavuka mpaka kabla ya Alfajiri. Raia walikuwa wakilala nje na mifugo yao. Hiyo ndiyo saa sita mchana ya Wakuria, tena kila siku.

Wakuria hawakumngoja Gary Cooper. Walikuwa na baraza lao la kale liitwalo iritongo, na mwaka 1998 waliingiza upande wa Kenya mpango wa sungusungu, ulioanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watu wa eneo zima walikutana hadharani. Waliotuhumiwa waliitwa mbele ya majirani, jamaa na wazee wao wenyewe. Walioungama walitakiwa kurudisha au kulipa. Na vijana wa zamu walifuata nyayo za ng'ombe pamoja, kijiji kikipokezana na kijiji. Wizi ukapungua mno. Hakuna anayedai kwamba hawakukosea. Malalamiko ya watuhumiwa kupigwa yalikuwapo, na baraza lisilo na hakimu aliyesoma laweza kumwonea mnyonge asiye na ukoo mkubwa. Lakini tofauti na High Noon ni kubwa. Pale kanisani Hadleyville watu walikutana wakatawanyika. Kwenye iritongo walikutana wakatoka pamoja.

Msomaji aliyesoma sira keshajua ninaelekea wapi. Kabla ya utume, mfanyabiashara kutoka Zabid, Yemen, alifika Makka na bidhaa zake. Al-As bin Wail alizinunua akakataa kulipa. Mgeni yule hakuwa na kabila pale. Alipanda kilima cha Abu Qubays akapaza sauti ya dhulma yake. Makka ingeweza kuwa Hadleyville. Al-As alikuwa mtu mkubwa, na kila mtu alikuwa na sababu ya kubaki nyumbani. Lakini koo kadhaa za Kikureshi zilikutana katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an, zikaapa kuwa mkono mmoja pamoja na aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka apate haki yake. Wakaenda kwa Al-As wakamtoa mali ya yule mtu. Kiapo kile kinaitwa Hilful-Fudhul. Mtume wetu (s.a.w.) alikihudhuria akiwa kijana, na baada ya kupewa utume alikisifu na akabainisha kwamba hata katika Uislamu angekiitikia. Hapakupigwa upanga. Mwenye deni alilipa kwa sababu aliwaona watu wengi mlangoni kwake, na watu wale walikuja na kiapo na dai lililo wazi, wala hawakuja na petroli na tairi.

Kijana wa stendi ya bodaboda anayeokota jiwe hufikiri kwamba anafanya alichofanya stelingi. Hasha. Stelingi, kwa makosa yake yote, angalau anajua adui ni nani, kwani mtazamaji ameonyeshwa adui akiua mwanzoni mwa filamu. Mtaani hakuna aliyeonyeshwa mwanzo. Kuna kelele tu, na mtu anayekimbia, na yeyote akikimbizwa hukimbia. Ndiyo maana sharia yetu ikaweka kisasi mikononi mwa kadhi baada ya ushahidi, na ikampa jamaa wa aliyeuawa mlango wa kusamehe. Hapa Kenya mahakama zetu za Kadhi zina mamlaka ya ndoa, talaka, mirathi na hali za mtu tu, na jinai ni ya mahakama za serikali. Kwa hiyo Mwislamu anayeshiriki kuua mtuhumiwa barabarani hana sharia ya Mungu wala ya nchi ya kuegemea.

Hata Marekani yenyewe haikuwa kama filamu. Dodge City, mji uliopata umaarufu wa risasi kuliko yote, uliwataka wageni waziweke bunduki zao wanapoingia mjini. Mapigano ya Tombstone, tarehe 26 Oktoba 1881, ambayo yametengenezewa filamu zisizohesabika, yalidumu kama nusu dakika, na sehemu ya ugomvi ule ilikuwa ni amri ya mji iliyokataza kubeba silaha. Watu watatu walikufa. Mpaka wa kweli ulitulia pale watu walipokubaliana kuweka silaha chini, jambo ambalo halivutii kamera.

Katika madrasa moja ya kule Ziwani mtoto wa miaka kama tisa aliuliza, tulipokuwa tukisoma mlango wa janaza, kwamba wale maadui wanaoanguka barabarani katika filamu hukoshwa na nani. Wenzake walicheka. Swali halikuwa la kuchekwa. Tumetazama maelfu ya watu wakiangushwa kutoka juu ya mapaa na farasi, na mara chache mno tumeonyeshwa kaburi likichimbwa, au mama wa marehemu. Kwetu maiti ni haki juu ya wote walio hai mpaka wachache waitekeleze. Katika filamu yule ni mlio wa bunduki, kisha wimbo.

Nije kwenye lile ambalo wazazi hawakuniuliza, nalo kwangu ni zito zaidi. Pale Regal tulishangilia walipouawa wale walioitwa Wahindi Wekundu, jina la kosa waliloachiwa na Columbus. Sisi, watoto wa nchi iliyotawaliwa, tulikuwa upande wa farasi wa jeshi. Mwaka 1909, tarehe 21 Aprili, Theodore Roosevelt alishuka Mombasa, akapanda treni ya Uganda. Huyu alikuwa ametoka karibuni katika urais wa Marekani, aliwahi kufuga ng'ombe Dakota, na ameandika vitabu juu ya kutwaliwa kwa Magharibi. Alipowaona walowezi wa nyanda za juu aliwafananisha na watu wa mpakani kwao, akawatakia heri. Hakukosea ufananisho. Mwaka mmoja kabla yake, Januari 1908, Otenyo wa Kisii alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, G. A. S. Northcote, ambaye alipona. Msafara wa adhabu ukachoma nyumba, ukatwaa ng'ombe kwa maelfu na kuua watu, hadi Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni London, akalalamikia wingi wa waliouawa. Wilaya ya Kavirondo Kusini, iliyotawaliwa kutoka Kisii, ndiyo iliyokuja kuzaa Migori na Homa Bay za leo. Hiyo nayo ni filamu ya kauboi, ila kamera hatukushika sisi.

Kisha ikaja dhahabu. Ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931, serikali ya kikoloni ilikuwa imetoka kupitisha sheria ya 1930 iliyoahidi kwamba ardhi za wenyeji zitabaki zao, na ikichukuliwa sehemu watapewa ardhi badala ya ardhi. Desemba 1932 sheria ilirekebishwa haraka ili ardhi yenye madini itolewe bila ya masharti yale. Mikataba ya serikali ya Marekani na wenyeji wake ilivunjwa kwa mwendo huo huo, na dhahabu ya California na ya Black Hills ilikuwa miongoni mwa sababu.

Migori ina dhahabu yake, Macalder, katika Nyatike, ambako wenyeji husema Makalda. Kampuni ilichimba huko dhahabu na shaba hadi mwaka 1966, kisha ikafunga. Wachimbaji wadogo hawakufunga. Wanateremka kwenye mashimo membamba kwa kamba, wanapandisha mawe kwa magunia, mawe yanasagwa kwa mashine, unga unaoshwa kwa maji juu ya kitambaa, na mwisho wanawake, wengine watoto migongoni, wanachanganya zebaki kwa mikono mitupu ili ishike dhahabu. Zebaki ikichomwa, dhahabu hubaki na moshi hupanda. Moshi huo huingia katika mapafu na ubongo, na yanayomwagika hufuata mito kuelekea Ziwani, kwa samaki. Sheria ya Madini ya 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo na kuwataka wawe na vibali. Mashimo mengi bado huchimbwa usiku na mchana pasipo nguzo za kutosha, na kila mvua kubwa huwa na hofu yake.

Kwa watu wa Macalder, na kwa kijana wa Likoni au Malindi anayefikiria kwenda huko kutafuta bahati, ningechagua filamu moja tu: The Treasure of the Sierra Madre ya mwaka 1948. Waume watatu mafukara wanachimba dhahabu milimani Meksiko. Mzee wao, ambaye mchezaji wake ni Walter Huston, baba wa mwongozaji John Huston, anawaonya mapema kwamba dhahabu hubadili watu. Wanapata nyingi. Kisha usiku kila mmoja analala jicho moja wazi, kila mmoja anaficha fungu lake chini ya jiwe, na Dobbs, ambaye Humphrey Bogart anamchezea, anaanza kuzungumza peke yake na kumshuku mwenzake mpaka anampiga risasi. Mwishowe majambazi wanamuua Dobbs, wanadhani vile viroba ni mchanga, wanavipasua, na upepo unaipeleka dhahabu yote milimani ilikotoka. Mzee anacheka. Stelingi, kama alikuwapo, alikufa. Wanafunzi wa madrasa wanaoijua hadithi ya bonde la dhahabu wataielewa filamu hii haraka kuliko maprofesa.

Pia Migori ina Migingo, jiwe la kama nusu ekari ndani ya Ziwa, lililofunikwa kwa vibanda vya mabati kwa ajili ya sangara, na ambalo Kenya na Uganda zililigombania hadi karibu kukosana mwaka 2009. Anayetaka kuona mji wa kauboi, pamoja na baa zake na askari wake wa bendera mbili, asihangaike na Arizona.

Sasa nimwelekee mzazi. Watoto wadogo chini ya umri wa kupambanua msiwaonyeshe filamu hizi. Mtoto huona jinsi mtu anavyoanguka, haoni kwa nini. Kwa wakubwa, tazameni pamoja, msiwaachie pazia jeusi la kibanda. Mwaka 1956 John Ford alimpa John Wayne kazi ya kumchezea Ethan katika The Searchers, mtu anayemtafuta kwa miaka binti wa ndugu yake aliyetekwa na Wakomanchi, na kadiri filamu inavyosonga unaogopa kwamba akimpata atamuua kwa chuki yake, kwa kuwa amekuwa mmoja wao. Muulizeni kijana wenu katikati ya filamu: huyu bado ni stelingi? Akisita kujibu, msimharakishe. Na adhana ya Isha ikiwakuta hamjafika mwisho, izimeni, mtamalizia kesho.